Akirudi Nyumbani Baada ya Kupunguzwa Tumbo

Akina mama na akina baba, mtu akirudi hapa Mukuru baada ya operesheni ya kupunguza mfuko wa tumbo, sisi majirani tunamjia na sufuria ya ugali na nyama. Ni mapenzi, lakini wiki 2 za kwanza chakula kigumu chaweza kumdhuru pale paliposhonwa. Tumpe maji, maziwa, supu iliyochujwa, kidogo kidogo kutwa nzima. Halafu vilivyopondwa, na vigumu pole pole kama daktari atakavyosema. Na tusimsengenye ati angefunga kula tu. Unene huo ni ugonjwa.

Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Asiubebe kwa wiki 6 hivi, sisi tumtekee. Lakini asilale tu: tutembee naye hapo ploti, damu isigande miguuni. Brufen za dukani, hapana. Zaleta vidonda vya tumbo.

Akishikwa na homa, moyo ukienda mbio, maumivu yakizidi, akitapika bila kukoma, mguu ukivimba au akikosa pumzi, jamani, tusingoje kuche. Tuchange nauli usiku huo huo, arudi hospitali.