Makorongo ya Gran Canaria: Mlima Mmoja, Hali Mbili



Leo nataka kusema nanyi juu ya Gran Canaria, kisiwa cha Kihispania kilicho mbele ya pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika. Kisiwa hiki ni mlima wa volkeno uliochomoza baharini, na kilele chake chapata mita 1,950. Toka katikati yake makorongo yateremka pande zote hadi pwani, kama spoki za gurudumu la baiskeli. Yalichimbwa na maji ya mvua kwa mamilioni ya miaka.

Mtu akidhani kwamba makorongo ya mlima mmoja yatafanana, atakosea. Muda mwingi wa mwaka upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Ukiukuta mlima hupanda na kupoa, na unyevu wake hugeuka wingu, ambalo hutanda hasa kati ya mita 600 na 1,500. Upande wa kaskazini hupata wingu hilo. Wa kusini hupata jua.

Katika pwani ya kusini mvua ya mwaka haifiki milimita 200. Kwenye magenge humea mimea minene isiyo na majani, yenye miiba na utomvu mweupe, ndugu wa mnyaa wetu. Mitende husimama chini kabisa ya korongo, mahali ambapo mizizi yaweza kuyafikia maji yaliyojificha.

Huko kaskazini ulikuwako msitu mkubwa wa Doramas, wenye miti ya jamii ya mdalasini, mibichi mwaka mzima. Miti hiyo haikungoja mvua tu. Majani yake huunasa ukungu, na matone huanguka chini hata siku isiyo na mvua. Haba na haba hujaza kibaba.

Wahispania walipomaliza kukiteka kisiwa mwaka 1483, walipanda miwa na kukata miti iwe kuni za kupikia sukari. Wengine wakakata wapate mashamba. Leo haikusalia hata sehemu moja katika mia ya misitu ya namna ile. Mabaki yake yamo katika makorongo machache, kama lile la Los Tilos huko Moya, nayo yanalindwa.

Katika kisiwa jirani cha El Hierro wenyeji wa kale walikinga maji ya kunywa chini ya mti mmoja, jina lake Garoé, uliokamua wingu. Dhoruba iliuangusha mwaka 1610. Katika karne ya 20 ulipandwa mwingine wa aina ile ile mahali pale pale, nao wadondosha maji kama mwenziwe.

Basi tuelewe jambo hili: hali ya hewa huivika ardhi mimea, lakini mimea nayo huirudishia ardhi maji. Aukataye mti wa ukungu hakati kuni tu. Akata na chemchemi.