Kusimamia Nembo ya Utalii Endelevu Wakati wa Maradhi ya Mripuko: Mfano wa Shelisheli

(Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa maeneo ya utalii)



Tarehe 14 Machi 2020 Serikali ya Shelisheli ilitangaza wagonjwa wake wawili wa mwanzo wa UVIKO-19. Muda mfupi baadaye safari za ndege zilikatika. Nchi ambayo mwaka 2019 ilipokea wageni zaidi ya 384,000, takriban mara nne ya idadi ya wakaazi wake, ikabaki na hoteli tupu. Mwaka 2020 wote ulipata wageni wasiotimia 115,000, na sehemu kubwa ya hao walikuwa wamekwishaingia kabla ya milango kufungwa. Wakaazi wa Unguja na Pemba hawana haja ya kusimuliwa hali ya namna hiyo, kwani Zanzibar nayo ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje mwezi huo huo wa Machi na kuzifungulia tena Juni.

Yanayozungumzwa hapa ni jambo dogo ndani ya msiba huo mkubwa, lakini lina uzito kwa kila ofisi inayotoa vyeti. Tangu mwaka 2011 Shelisheli ilikuwa na nembo ya utalii endelevu inayotolewa kwa hoteli na nyumba za wageni, kubwa na ndogo. Kujiunga kulikuwa kwa hiari. Muombaji hupimwa katika uongozi, taka, maji, umeme, wafanyakazi, hifadhi ya mazingira, jamii inayomzunguka na huduma kwa mgeni. Cheti hudumu kwa miaka 2, kisha mkaguzi hurudi. Thamani yote ya nembo imo katika neno hilo la mwisho, kwamba mkaguzi hurudi.

Sasa mkaguzi hawezi kurudi, na hoteli imefungwa. Cheti kinachomaliza muda wake katikati ya kufungwa huko kifanyweje? Kikifutwa, mwenye hoteli huadhibiwa kwa kosa asilolitenda, na akifungua atafungua bila ya nembo aliyoihangaikia kwa miaka. Kikiongezwa muda bila ya kukaguliwa, nembo hugeuka karatasi. Vyombo vya kimataifa vya ithibati vilikwishaliona tatizo hili mapema. Mwongozo wao wa mwaka 2011 juu ya matukio yasiyo ya kawaida huruhusu cheti kuongezewa muda, kwa kawaida usiozidi miezi 6, pale ambapo kuna ushahidi kuwa utaratibu bado unafuatwa. Lakini kwa cheti kilichokwisha Machi 2020, miezi 6 ilimalizika Septemba, na ndege zilikuwa bado za kuhesabika.

Ukaguzi wa mbali kwa njia ya simu na kamera ulitumika katika nchi nyingi, na haufai kubezwa. Madaftari, mikataba ya wafanyakazi na ankara za umeme husomeka vizuri kwa njia hiyo. Ila kamera huonyesha pale ilipoelekezwa na mwenye kuishika, na harufu ya shimo la maji machafu haisafiri kwa simu. Afisa mwenye busara huyagawa mambo mawili hayo: karatasi huzikubali kutoka mbali, na shimo huliandikia kuwa halijaonekana.

Penye mtego mkubwa zaidi ni katika hesabu. Kipimo cha kawaida cha matumizi ya maji ni lita kwa kila usiku wa mgeni, yaani mgeni 1 aliyelala usiku 1. Ichukuliwe hoteli ya mfano ambayo kwa mwezi hulaza wageni kwa siku 2,000 kwa jumla na kutumia lita 1,000,000. Kipimo chake ni lita 500. Maradhi yakaingia, siku za wageni zikashuka hadi 50. Bustani bado inamwagiliwa, bwawa la kuogelea linajazwa, walinzi wanaoga na kupika, na mita inaonyesha lita 200,000. Mwenye kusoma jumla peke yake atasema hoteli imepunguza maji kwa asilimia 80 na kustahiki sifa. Mwenye kufuata kanuni neno kwa neno atapata lita 4,000 kwa kila usiku na kuinyima cheti. Wote wawili wamekosea. Hoteli haikuokoa maji wala haikuyafuja, ilikuwa tupu. Kinachotakiwa ni kutenganisha matumizi ya msingi, ambayo huwapo hata bila ya mgeni, na yale yanayoletwa na mgeni mwenyewe. Hili lilipasa kufanywa hata kabla ya maradhi, kwani msimu wa masika huleta upotofu wa aina hiyo kila mwaka, ila mdogo.

Kuna na la afya. Maji yaliyolala ndani ya mabomba kwa miezi huweza kuzaa vijidudu vinavyodhuru mapafu, hivyo kabla ya kufungua ni lazima mabomba yafunguliwe na kumwagwa. Mkaguzi wa maji akiyaona hayo katika mita asiyahesabu kuwa ni ubadhirifu.

Shelisheli ilipofungua anga kwa masharti tarehe 1 Agosti 2020, nyumba ya kupokea wageni ilitakiwa kwanza iwe na kibali cha mamlaka ya afya. Kwa hiyo mwenye hoteli alikuwa na alama mbili mbele yake, moja ya lazima na nyengine ya hiari, na kila mtu anajua ipi itashughulikiwa mwanzo. Nchi hiyo ilikwishapiga marufuku mifuko, sahani, vikombe na vijiko vya plastiki mwaka 2017. Maradhi yalikuja na barakoa na glavu za kutupwa, na hofu ya kugusa kile alichogusa mwengine ikavirejeshea heshima vifungashio vidogo vidogo. Sabuni na maji ya moto husafisha sahani ya udongo ipasavyo, lakini mteja mwenye hofu huamini zaidi kitu kilichofungwa.

Upande wa wafanyakazi, kuanzia Aprili 2020 Serikali ya Shelisheli ilisaidia kulipa mishahara ya wafanyakazi wa makampuni binafsi ili wasiachishwe kazi. Bila ya hatua hiyo kipengele cha wafanyakazi katika nembo kisingekuwa na mtu wa kupimwa. Hifadhi nazo ziliumia. Viingilio vya wageni katika Vallée de Mai, kisiwani Praslin, ndivyo vilivyokuwa vikigharimia ulinzi wa Aldabra, kisiwa cha mbali chenye makobe wakubwa. Mgeni alipokosekana Praslin, fedha zilikatika Aldabra. Hali kama hiyo inafahamika Chumbe, ambako hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa mwaka 1994 huendeshwa kwa mapato ya wageni. Tozo ya mazingira ambayo Shelisheli iliianza tarehe 1 Agosti 2023, kwa kila mgeni kwa kila usiku, ni ya manufaa, ingawa nayo huhesabu vichwa vile vile vya wageni.

Tarehe 25 Machi 2021 Shelisheli ilifungua milango kwa takriban nchi zote, na mwaka huo wageni wakafika karibu 183,000. Kwa afisa anayerudi katika ukaguzi baada ya kipindi kama hicho, kitu cha mwanzo kuomba ni daftari la mita la miezi ambayo hoteli ilikuwa imefungwa. Pale ambapo mlinzi aliendelea kusoma mita kila wiki na kuandika tarehe, matumizi ya msingi yanajulikana na ukaguzi una pa kuanzia. Pale ambapo kurasa ni tupu, cheti kisubiri miezi 3 ya usomaji mpya, na tangazo la hoteli lisichapishe nembo mpaka hapo.