Uduvi wa Ziwa Katika Sanduku la Kioo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mnyama mdogo sana, ambaye watu wengi wa Musoma wamemla mara nyingi wala hawakupata kumtazama. Huyu ni uduvi wa ziwa. Mkinunua dagaa katika mwalo wa Mwigobero, mkawatandaza ili kuondoa takataka, mtaona katikati yao vidudu vyembamba vilivyojipinda kama mundu. Ndio hao. Ndugu zetu Wajaluo humwita ochong'a. Wataalamu wamempa jina la Caridina nilotica, maana yake ni wa mto Nili, kwa kuwa habari zake ziliandikwa kwanza mwaka 1833 kwa uduvi waliotoka katika mto huo.

Labda mtu atauliza, "Kitu kidogo namna hiyo kina faida gani hata kizungumzwe?" Twajibu hivi. Sisi kazi yetu ni kufundisha waalimu. Vijana wetu wakimaliza masomo hupelekwa shule za vijijini, Bunda na Butiama na kwingineko, ambako mara nyingi hapana darubini wala vyombo vya maarifa. Lakini uduvi akiwa hai, mwili wake hung'aa kama kioo. Hahitaji kupasuliwa. Mtoto akitwaa kioo cha kukuzia aweza kuona chakula kikipita mwilini na moyo ukipiga. Somo kama hilo halisahauliki, na gharama yake ni chupa moja kubwa ya peremende au sanduku la vioo lililogandishwa vizuri pembeni.

Basi tuanze na kuwapata. Uduvi hupenda kukaa penye majani ya majini karibu na ukingo, na katika mizizi ya magugu maji yaeleayo. Lakini hapo ndipo tunapowaomba wazazi na wanafunzi wasikilize sana. Mahali hapo uduvi anapopenda, hapo ndipo mamba hujificha, na hapo ndipo hukaa konokono wenye kueneza kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono, zaidi wakati wa mchana jua likiwaka, huogelea majini, na hupenya ngozi ya mtu hata kama haina jeraha. Mtu hasikii maumivu makubwa wakati ule. Ugonjwa huja baadaye, nao huharibu matumbo na ini. Dawa yake ipo hospitalini, walakini ni afadhali kuzuia kuliko kutibu. Kwa hiyo mtoto asiingie majini kwa ajili ya uduvi, hata maji ya kifundo cha mguu. Wala asiende ukingoni usiku na kurunzi, ingawa ni kweli macho ya uduvi hung'aa kwenye mwanga. Kwa maana usiku viboko hutoka majini kwenda kula majani, na kiboko hampishi mtu njia.

Je, tufanyeje? Sisi tulikwenda kwa mzee mmoja mvuvi wa dagaa. Tulimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Tulipomweleza haja yetu akacheka, akasema, "Watu wote huja kwangu kutaka dagaa bila uduvi. Ninyi ni wa kwanza kutaka uduvi bila dagaa." Lakini alikubali. Wavuvi hawa hufanya kazi katika usiku wa giza, wakivuta dagaa kwa mwanga wa taa, na uduvi huja pamoja nao. Wengi hufa kwa kubanwa wavuni. Basi tulimpa ndoo yenye maji, naye akatutilia wale wa mwisho waliokuwa wangali wakirukaruka. Alfajiri tukawapokea nchi kavu, hatukulowesha mguu.

Anayetaka kuwachota mwenyewe, kwanza amwulize afisa uvuvi na wazee wa mwalo. Kisha asimame juu ya gati au mwamba mkavu, atumie kichungio kilichofungwa kwenye mti mrefu. Asitumie kipande cha chandarua cha kitandani. Chandarua kimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa ile humwua uduvi vile vile, kwa kuwa yeye na wadudu wana ukoo mmoja wa mbali. Tena kuvua kwa chandarua kumekatazwa na sheria, maana huzoa hata vitoto vya samaki.

Sasa tusema habari za kuwachukua. Ndoo ya lita 10 isizidi uduvi 20. Weka ndani kishada kidogo cha majani wapate kushika, ukikague kwanza kisiwe na konokono wala mayai yao, nayo ni kama ute mgumu ulioganda chini ya jani. Funika kwa kitambaa chenye maji, usizibe kwa mfuniko, kwani uduvi huvuta pumzi kwa hewa iliyomo majini. Safiri asubuhi kabla ya jua kali. Wala mkono usitiwe katika maji yale ya ziwa. Tumia kikombe au kichungio. Maji yakikaa siku tatu bila konokono, vijidudu vya kichocho vilivyomo huwa vimekufa.

Maji ya bomba nayo yana jambo lake. Hutiwa klorini ili yasituletee maradhi, nayo ni dawa njema kwetu, lakini ni sumu kwa uduvi. Yaache katika beseni wazi mchana na usiku, ikiwezekana siku mbili, klorini itoke. Wala usiwamwage wageni wako ghafula katika maji mapya. Chukua kikombe kimoja cha maji mapya, ukitie katika ndoo yao. Ngoja kitambo, tia kingine. Endelea hivyo kwa muda wa saa moja au zaidi. Mtu atokaye kwenye baridi ya mlimani hatupwi jikoni mara moja.

Wasikilizaji, sasa tutawaambia kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha kuliko yote.

Mara ya kwanza tulileta uduvi 18 chuoni, wazima. Tukahitaji ndoo ya pili ya kutayarishia maji. Mwanafunzi mmoja, ambaye nyumbani kwao ni upande wa Bunda ambako watu hulima pamba, akasema anayo ndoo nzuri aliyokuja nayo kutoka kwao. Tukaiazima. Maji tuliyaacha wazi siku mbili kama inavyotakiwa. Tukawahamisha uduvi jioni, pole pole, kikombe kwa kikombe. Kabla ya kulala tuliona wanageuka chali na kutikisa miguu. Kulipopambazuka hakubaki hata mmoja.

Tulifikiri klorini, tukafikiri joto. Hatukupata sababu. Mwishowe tukamwuliza yule kijana, "Ndoo hii kwenu ilikuwa ya kazi gani?" Akajibu, "Zamani baba alichanganyia dawa ya pamba. Lakini mwalimu, iliacha kazi hiyo msimu uliopita, na mama aliiosha kwa sabuni mara tatu." Tukamwuliza tena, "Na tangu hapo?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Tangu hapo, ilikuwa ndoo ya maji ya kunywa."

Darasa zima likawa kimya. Yule kijana aliomba ruhusa, akaondoka siku ile ile na ndoo yake. Aliporudi alituambia ya kuwa baba yake hakuamini kwanza, akasema kwamba hakuna mtu aliyeumwa. Kijana akamweleza habari za uduvi 18. Mzee akafikiri, akachukua msumari na nyundo, akaitoboa ndoo chini kwa mkono wake mwenyewe, mtu mwingine asije akaitwaa. Nasi twasema alifanya vema. Plastiki hunyonya dawa, nayo sabuni haiitoi yote. Chombo kilichochanganyiwa sumu ya wadudu kisitumike tena kwa maji wala chakula, hata kama hakinuki.

Hapo ndipo tulipoelewa ya kuwa mnyama huyu ni mlinzi. Sumu ambayo sisi hatuioni wala hatuionji, yeye huisikia mapema. Wazee wa ziwani wanakumbuka mwaka 1999, nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipokataa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Waliotumia sumu walikuwa baadhi tu, lakini hasara iliwapata wote: wavuvi, wachuuzi na watu wa viwandani. Basi tukiona uduvi wamekufa wengi ukingoni kwa mara moja, tusipuuze. Tusichote maji mahali pale, bali tumpashe habari afisa uvuvi na mwenyekiti wa kijiji.

Mara ya pili tulitumia vyombo safi, na uduvi wakaishi. Weka sanduku penye mwanga, bali jua lisilipige. Funika juu kwa kitambaa chepesi kisicho na dawa, mbu wasije wakataga, tusije tukafuga malaria pamoja na uduvi. Usitumie chombo cha shaba, wala usiweke mrututu karibu, maana shaba ni adui yao. Chakula chao ni utando wa kijani uotao juu ya kioo na majani yaliyooza. Twaweza kuwapa jani moja la mchicha lililochemshwa, na mabaki yatolewe kesho yake, maji yasinuke.

Kisha keti utazame. Utaona miguu mitano kila upande. Miwili ya mbele ina vikoleo vidogo vyenye nywele kama brashi, navyo hupangusa chakula na kukipeleka kinywani bila kupumzika. Utaona macho yaliyosimama juu ya vijiti. Ukimshtua, atapiga mkia na kuruka kinyumenyume. Siku moja wanafunzi walitujia mbio wakisema uduvi amekufa. Kumbe lilikuwa gamba tupu. Tulihesabu, tukakuta wote wapo, ila mmoja amejificha chini ya jani, mwili wake laini. Uduvi hawezi kukua ndani ya gamba la zamani. Hana budi kulivua na kungoja jipya ligande. Na jike utamwona amebeba mayai chini ya tumbo kama shanga ndogo sana, akiyapepea kwa vijiguu vyake ili yapate maji mapya. Tulipolipeleka sanduku katika shule moja ya Butiama, mbali na ziwa, watoto walikaa mbele yake tangu mapumziko hata kengele, wala hakuna aliyetaka kwenda kucheza.

Neno la mwisho. Ukichoka kuwafuga, usiwamwage katika kijito au bwawa la jirani, wala majani yao. Warudishe katika ziwa walikotoka. Mkono wa binadamu ulileta sangara katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ameenea pote, na aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Uduvi hakutoweka; aliongezeka, akawa chakula kikubwa cha sangara wachanga. Kwa hiyo yule sangara mkubwa auzwaye kwa kilo huko Musoma, utotoni mwake alilelewa kwa uduvi. Kidogo hubeba kikubwa.

Basi, wasikilizaji, mkirudi nyumbani jioni hii, fanyeni jambo moja hata kama hamtafuga uduvi kamwe. Tazameni ndoo na madumu yenu, ulizeni kila kimoja kilikuwa cha nini kabla ya kuwa cha maji. Kisichojulikana asili yake, kitoboeni.

Kwaherini.