Tone la Maji Kwenye Jicho la Simu

(Muziki wa kufungulia, unafifia)

Leo naanza na ombi. Aliye karibu na jikoni achote chembe chache za chumvi, ile laini ya pakiti, azimwage juu ya kitu cheusi: mfuko, kitambaa, chochote kilicho karibu. Achukue na simu yake yenye kamera. Aliye kwenye daladala asikilize tu. Chumvi itamsubiri nyumbani.

Haya, zipige picha hizo chembe. Sogeza simu karibu. Karibu zaidi. Umeona? Ukifika kama upana wa kiganja, picha inaingia ukungu. Usiilaumu simu. Lete kidole chako mpaka kikaribie kugusa pua, halafu jaribu kusoma mistari yake: jicho nalo linashindwa. Kila lenzi ina mahali inapogoma. Lenzi za kupigia vitu vidogo, ambazo wapigapicha huziita makro, zimetengenezwa zisigome mapema hivyo, na bei yake inaweza kuzidi ya simu yenyewe. Sisi leo tunatumia tone la maji.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Laza simu kifudifudi mezani, jicho la kamera litazame juu. Chovya njiti ya kiberiti kwenye maji safi, kisha gusisha ncha yake katikati ya jicho hilo. Tone liwe dogo, lisizidi punje ya mtama. Nalisisitiza hili kwa sababu mara ya kwanza mimi nilimwaga tone kubwa, likateleza hadi kwenye tundu la spika, na kwa siku mbili kila aliyenipigia alisikika kama anaongea kutoka kisimani. Kama simu yako ina kamera kadhaa, ziba moja moja kwa kidole ujue ipi ndiyo inayofanya kazi.

Sasa geuza simu taratibu. Tone dogo halianguki. Linang'ang'ania kioo na kuning'inia. Shusha simu juu ya chumvi mpaka ubakize kama upana wa kidole kimoja, kisha panda na kushuka kidogo kidogo hadi picha ikae sawa. Ukiipata, utaona kwamba kile ulichodhani ni unga ni vijisanduku: pembe nne, pande bapa, vingine vimelika kwenye kona kwa kusuguana ndani ya pakiti. Hilo ndilo umbo la fuwele ya chumvi.

Tone limefanyaje kazi hiyo? Lina tumbo. Mwanga unaopita kwenye kitu chenye tumbo na kinachopenyeza nuru hupinda, na tumbo likiwa la mviringo zaidi, mwanga hupinda zaidi. Ndiyo maana tone dogo lililofura hukuza kuliko kubwa lililotandazika. Huko Delft, Uholanzi, katika karne ya 17, alikuwapo muuza vitambaa aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek. Wauza vitambaa wa wakati ule walitumia vioo vya kukuzia kuhesabu nyuzi. Yeye akaendelea, akatengeneza vijilenzi vidogo mfano wa ushanga, na mwaka 1674 akatazama maji ya ziwa na kukuta viumbe vinaogelea ndani yake. Nanyi leo mmeanza kwa tone moja.

Mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni giza, maana simu ikikaribia kitu hukiwekea kivuli. Kaa kando ya dirisha, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. La pili ni mkono kutetemeka. Egemeza simu juu ya vitabu viwili vyenye kimo sawa, kitu ukiweke katikati yao.

Ukichoka na maji, pita kwa fundi redio. Kwenye boksi lake la vyuma chakavu hakosi deki ya DVD iliyokufa, na ndani yake, pale panaposoma diski, pana kijilenzi cha plastiki. Mwombe akutolee, kibane kwa pini ya nywele, kisha kishike na utepe juu ya jicho la simu. Na mwenye kamera ya kubadilisha lenzi aivue, aigeuze nyuma mbele, aishikilie kwa mkono palepale mdomoni mwa kamera. Ajihadhari na vumbi tu.

Sasa mkulima atauliza: picha ya chumvi itanisaidia nini? Twende kwenye mahindi. Viwavijeshi vamizi wametoka bara la Amerika. Waliripotiwa Afrika mwaka 2016, na kufikia 2017 walikuwa wameshaingia Kenya na Tanzania. Shambani wanafanana na viwavi wengine, na kosa la kuwatambua linaweza kukugharimu dawa isiyofaa. Lakini wana alama. Mchukue kiwavi aliyekwisha kukua kidogo, mweke kwenye kifuniko cha chupa, mpige picha kichwani: utaona mstari hafifu wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Mpige na karibu na mkia: kuna madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Picha hizo mbili mtumie bwana shamba, naye ataweza kukushauri bila kusubiri siku ya kukutembelea.

Muda umetutupa mkono. Chumvi mmeshaiona. Wiki ijayo nataka mniambie chembe ya sukari ina umbo gani, na ukinijibu kwa kukisia nitakujua. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia)