Alcoblow Inajuaje? Mazungumzo na Waendeshaji Bodaboda na Madereva



Kila tunapokutana nanyi, swali moja halikosi: kile kidude cha polisi kinajuaje? Wengine husema kinanusa. Wengine husema kikishapuliziwa na watu wengi huchoka, kikamshika asiyekunywa.

Ndani yake mna kisahani kidogo chenye vitundu vingi, kilichopakwa platini pande zote mbili na kulowekwa asidi. Platini hiyo ni kichocheo. Pombe iliyo katika pumzi ikiigusa hugeuzwa kuwa asidi ya siki, oksijeni ya hewa ikisaidia, na mgeuko huo hutoa umeme kidogo. Pombe ikizidi, umeme huzidi. Nambari mnayoonyeshwa hutokana na umeme huo.

Platini yenyewe haitumiki ikaisha. Imeshikamana na kisahani, na kazi ikikamilika hubaki pale ikimngoja anayefuata. Haikuwa hivyo zamani. Uingereza ilipoanza kupima madereva barabarani mwaka 1967, walipuliza katika mrija wa kioo wenye chembe za manjano zilizotiwa kromiamu, ambazo hugeuka kijani zikikutana na pombe. Zikishageuka, mrija hutupwa, na kromiamu ya aina hiyo ni sumu.

Tena platini huchagua. Pumzi ya mgonjwa wa kisukari inaweza kuwa na asetoni, na mtu akadhani amelewa. Kifaa hiki hakiihesabu.

Lakini nacho huzeeka, ndiyo maana ni lazima kikaguliwe na kurekebishwa mara kwa mara. Na ukiwa umetoka kusukutua kinywa kwa dawa yenye pombe, nambari itapanda. Sema hivyo, uombe kupimwa tena baada ya dakika 15. Kimrija cha kupulizia kiwe kipya kwa kila mtu.

Kahawa, kitunguu, peremende: hivyo huficha harufu tu. Pombe inayopimwa hutoka kwenye damu kupitia mapafu. Ini nalo huigeuza pombe hadi kuwa asidi ya siki, ila polepole, na hakuna cha kuliharakisha. Aliyekunywa mpaka saa nane usiku anaweza kuwa na pombe mwilini saa kumi na mbili asubuhi, anapompakia mtoto wa shule akijiona yuko sawa. Mwendeshaji huyo wa alfajiri ndiye niliyemjia leo, na maswali yake ndiyo nitakayoanza nayo.