Wosia wa Mama Naunakhte: Mwanamke na Haki yake katika Misri ya Kale





Tunaposikia Misri ikitajwa kanisani, mawazo yetu hukimbilia mara moja kitabu cha Kutoka: matofali, wanyapara, na Farao mwenye moyo mgumu. Hiyo ni kumbukumbu ya watu waliogandamizwa, nao wana haki ya kuikumbuka nchi ile hivyo. Hata hivyo, waliishi humo pia wanawake wa kawaida, na juu ya sheria iliyowahusu tunayo maandishi mengi kuliko watu wanavyodhani. Leo sitazungumza juu ya Hatshepsut wala Cleopatra. Malkia ni malkia. Maisha yake hayatuelezi mke wa mchonga mawe aliishije. Nitazungumza juu ya mama mmoja wa watoto wanane, jina lake Naunakhte.

Mama huyu aliishi katika kijiji kiitwacho siku hizi Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Luxor. Hapo walikaa mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme. Aliolewa kwanza na karani Qenherkhopshef, mtu aliyemzidi umri kwa miaka mingi, wala hawakupata mtoto. Baada ya kifo chake aliolewa na fundi Khaemnun, akamzalia watoto wote wanane.

Katika mwaka wa 3 wa utawala wa Ramesses V, yaani yapata mwaka 1145 K.K., Naunakhte alikwenda mbele ya baraza la kijiji, wakiwapo mashahidi 14, akatoa wosia wake. Maneno yake yaliandikwa juu ya mafunjo, na maandishi hayo yamo hadi leo katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford. Alianza kwa kutamka kwamba yeye ni mwanamke huru wa nchi ya Farao. Akaeleza kwamba aliwalea watoto wake, akawapa kila kitu ambacho watu wa hali yao huwapa watoto wanapoanza maisha. Sasa amezeeka, na wengine miongoni mwao hawamtunzi. Basi, yule aliyeweka mkono wake katika mkono wa mama yake atapata mali yake. Asiyempa kitu, naye hatampa.

Tuangalie vizuri hapo. Mama huyu hakumwomba mume wake ruhusa, wala hakusemewa na kaka au mjomba. Mali aliyoigawa ilikuwa yake: ile aliyorithi kwa baba yake, ile iliyomjia kwa mume wa kwanza, na theluthi moja ya mali aliyochuma pamoja na Khaemnun. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi, theluthi mbili kwa mume na theluthi moja kwa mke. Kwa hiyo wale watoto aliowanyima walibaki na haki yao katika fungu la baba, naye hakulitia mkono. Mwana mmoja, aliyepewa jina la yule karani marehemu, alipata juu ya fungu lake bakuli la shaba la kunawia. Mabinti walihesabiwa sawa na wana, katika kupewa na katika kunyimwa. Na kilichowatenganisha watoto hao kilikuwa ngano na mafuta: nani alimletea mama chakula, nani hakumletea.

Lakini tusiivike Misri vazi lisiloitosha. Waliokaa barazani kuamua walikuwa wanaume. Ukarani, ambao ndio uliokuwa mlango wa madaraka, ulishikwa na wanaume, na posho ya nafaka ya kila mwezi ilitolewa kwa fundi, si kwa mke wake. Tena Naunakhte hakutaja uhuru wake bure. Kijijini humo humo walikuwamo wajakazi waliopangiwa zamu za kusaga nafaka ya nyumba mbalimbali, nao hawakusimama mbele ya baraza kugawa mali.

Hata mwanamke huru nyumba yake ilikuwa na msingi mwepesi. Nyumba za kijiji zilikuwa za Farao na zilifuata kazi ya mume. Liko gae la chungu lenye maneno ya baba mmoja, Horemwia, kwa binti yake Tenetdjeseret. Anamwahidi kwamba mumewe Baki akimfukuza, yeye baba atamtetea. Nyumba ni ya Farao kweli, lakini ataweza kukaa katika chumba cha mbele cha ghala yake, kwa sababu aliijenga yeye mwenyewe, wala hakuna atakayemtoa humo. Mimi nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, na kila mara nausikia upendo wa baba yule pamoja na hofu yake. Sheria ilimpa binti fungu la mali, lakini usiku wa kufukuzwa angehitaji paa.

Turudi kwa Naunakhte. Huenda mtu akauliza kama wosia wa mama mzee ulikuwa na nguvu yoyote mara alipotoka barazani. Baadaye Khaemnun na watoto walifika tena mbele ya baraza, wakathibitisha kwamba maandishi ya mama juu ya mali yake yatatekelezwa kama yalivyo, na kwamba mwana wao Neferhotep hatapata sehemu humo. Kisha mzee Khaemnun aliapa kwamba akigeuka na kuyapinga, apigwe viboko 100 na kunyang'anywa mali yake.