MTOTO WETU NAYE ANATAKA MWENZAKE

(Hotuba ya wazazi kutoka Gisozi, Kigali, kwa wazazi wa Kambi ya Mahama, katika Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20)



Sisi ni wazazi tunaoishi Gisozi. Wengi mnaijua Gisozi kwa Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari uliofunguliwa mwaka 2004, wengine kwa maseremala wa Agakiriro. Baadhi yetu tuliishi kambini Gihembe kabla ya kwenda mjini. Kilichotuleta hapa ni watoto wetu wenye usonji, ambao madaktari huuita otizimu.

Usonji si laana, si pepo, wala hauambukizi. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye akina mama walilaumiwa kuwa hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Utafiti uliikanusha lawama hiyo. Hata hivyo bado tunaisikia kwenye foleni ya maji. Tuiache hukohuko.

La leo ni urafiki. Watu hutuambia kwamba mtoto wa namna hii hataki watu. Si kweli. Wengi wao wanataka mwenzao, ila hawajui waingie vipi mchezoni, na kelele na kusukumana huwaumiza. Ukimtupa katikati ya watoto ishirini wanaogombea mpira, hujampatia rafiki. Tafuta mtoto mmoja, na kitu kimoja wanachokipenda wote wawili.

Kwetu yupo mvulana wa miaka 9 asiyesema sana. Hupenda kupanga vipande vya mbao kwa urefu wake, na vipande hivyo Gisozi vimejaa, kwani maseremala huvitupa. Mama yake alimwomba binti wa jirani aje kila Jumamosi, nusu saa tu. Siku za mwanzo kila mmoja alipanga vyake, wamepeana mgongo. Mama alikaa kando akimenya viazi, hakuwalazimisha hata kusalimiana. Ilikuwa wiki ya tano au ya sita mvulana alipomsukumia mwenzake kipande kimoja. Mpita njia asingeona kitu. Sisi tuliona.

Huyo mwenzake naye aelezwe ukweli kwa maneno machache. Asipokutazama usoni, hajakudharau. Akiziba masikio, punguza sauti. Akirudia neno moja mara kumi, mjibu tu. Na mchezo uishe kabla hajachoka, ili kesho atake tena. (Biskuti husaidia, hatukatai.)

Lililo zito kwetu wakimbizi ni kuhama. Kambi ya Gihembe, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakila ardhi, na familia nyingi zikaletwa hapa Mahama. Mtu mzima hulia, kisha huzoea. Mtoto wetu hupoteza kwa siku moja njia yake, mlango wake, sauti zake za asubuhi, na yule mwenzake mmoja aliyempata kwa miaka miwili. Vivyo hivyo rafiki anapopata safari ya kwenda Kanada au Marekani. Sisi hubaki na mtoto anayesimama mlangoni kila Jumamosi saa ile ile, akingoja.

Kwa hiyo, mkijua safari ipo, msimfiche. Mhesabieni siku kwa vijiwe, kijiwe kimoja kitolewe kila jioni. Wekeni picha ya rafiki kwenye simu. Na mwenza wa pili aanze kuja wakati wa kwanza bado yupo, wacheze watatu.

Ndugu Mwenyekiti, tunalo ombi moja kwa Kamati yako. Familia yenye mtoto wa namna hii ikihamishwa kutoka kijiji kimoja cha kambi kwenda kingine, wazazi waulizwe kwanza: mwenzake ni nani, na anakaa wapi? Ikiwezekana, nyumba hizo mbili zisiachane mbali. Ombi hili halidai fedha, linadai mtu wa kuuliza tu.

Wazazi wenye watoto kama wetu, baada ya hapa tutakuwa chini ya hema la Kamati mpaka saa kumi. Njooni nao, hata wanaopiga kelele. Tumeleta gunia la vipande vya mbao kutoka Gisozi.